Kanuni Iliyozaliwa na Manung'uniko ya Wajane

SOMO LA JUMA

Maandiko ya kusoma: Matendo 6:1–7, 1 Timotheo 5:3–16, 1 Samweli 30:9–25, Nehemia 10:28–39 na 13:4–14
Mstari wa kukariri: 1 Wakorintho 14:40



Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili, washirika wote wataketi kuangalia rasimu ya sera ya mfuko wetu wa kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Mchungaji ameniomba nitayarishe somo la kututangulia, ili tufike kwenye kikao hicho tukiwa na Neno mkononi, tusije tukaongozwa na yule mwenye sauti kubwa kuliko wengine. Nimekubali kwa furaha. Nimekaa kwenye kamati za kanisa kwa miaka mingi, na nimeona ushirika mzuri ukipasuka kwa sababu bili ya hospitali ya mtu mmoja ililipwa na ya mwingine haikulipwa, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Tangu tangazo litolewe, nimesikia maswali mengi. Ndugu mmoja alinishika mkono pale nje akaniuliza, "Mzee, kwani kanisa limekuwa kampuni? Sera na mikakati ni mambo ya ofisi. Sisi tunaongozwa na Roho." Dada mwingine akasema, "Upendo hauhitaji fomu." Haya si maswali ya uasi. Ni maswali ya watu wanaolipenda kanisa lao. Basi tuyapeleke kwenye Biblia.

KANISA LILILOJAA ROHO LILIHITAJI UTARATIBU

Fungua Matendo 6. Hebu kumbuka kwanza hili ni kanisa gani. Ni lile la Pentekoste yenyewe. Watu kama elfu tatu waliongezwa siku moja (Matendo 2:41). Watu waliuza mashamba na nyumba wakaleta pesa, na Luka anashuhudia kwamba hapakuwa na mhitaji kati yao (Matendo 4:34). Kama kuna kanisa ambalo lingeweza kuendeshwa kwa upendo mtupu bila mpango, ni hilo.

Lakini sura ya sita inafunguka na manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa katika mgao wa kila siku, na wale wa Waebrania walikuwa wakipata. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Jambo analolitaja kwanza ni kwamba wanafunzi walikuwa wakiongezeka.

Hapo nataka utulie kidogo. Walipokuwa wachache, Petro angeweza kumjua kila mjane kwa sura. Walipokuwa maelfu, kazi iliendeshwa kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu ya mwanadamu, hata awe mtume, ina upande. Inawakumbuka kwanza wale wanaosema lugha yetu, wanaokaa karibu nasi, na wanaotusalimia baada ya ibada. Mjane aliyetoka mbali, anayekaa viti vya nyuma na kuondoka mapema ili awahi gari, hasahauliwi kwa ubaya. Anasahauliwa kwa sababu jina lake halikuandikwa popote.

Mitume hawakusema, "Wacheni kunung'unika, ombeni." Waliita ushirika wote, wakataja sifa za watu wanaotakiwa, wakawaachia watu wachague saba, kisha wakawawekea mikono. Na sifa mojawapo ya hao wahudumu wa meza ilikuwa kujaa Roho. Ndugu yangu uliyeniuliza pale nje, jibu lako liko hapo katika mstari wa tatu. Roho Mtakatifu hakukosana na orodha ya wajane. Alitaka watu wake waishike ile orodha.

Angalia pia majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kanisa liliweka kazi hiyo mikononi mwa watu wa upande ule ule uliokuwa umeumia. Matokeo yake tunayaona mstari wa saba: Neno likaenea, na hata makuhani wengi wakaamini. Haki kwenye sufuria ilifungua njia ya mahubiri.

MANENO MATATU TUSIYACHANGANYE

Kwenye kikao tutasikia maneno matatu, na ni vizuri kila mmoja wetu, kutoka mzee wa kanisa mpaka kijana wa kwaya, ayaelewe sawasawa.

Sera ni uamuzi wetu wa pamoja kuhusu tunachokisimamia na tunayemhudumia. Kwa mfano: "Hakuna mshirika wetu atakayezikwa bila kanisa kusimama na jamaa yake." Hiyo ni sera. Haitaji siku wala shilingi. Inasema sisi ni watu wa namna gani.

Mkakati ni njia ya kututoa hapa tulipo mpaka pale sera inapotaka tuwe. Pesa zitatoka wapi? Tutaanza na nini mwaka wa kwanza, na nini mwaka wa pili? Nani atabeba mzigo gani?

Utaratibu ni hatua za kila siku. Mtu akifiwa usiku, anampigia nani simu? Ni nani anatia sahihi? Pesa inatoka baada ya siku ngapi?

Kamati nyingi huanzia kwenye utaratibu. Zinachapisha fomu kabla ya kukubaliana juu ya sera, halafu watu wanagombana juu ya fomu, kumbe ugomvi wenyewe ni juu ya sera. Wengine wana sera nzuri kwenye faili bila mkakati hata mmoja, na hiyo ni sawa na kumwambia mwenye njaa aende akashibe (Yakobo 2:15–16).

PALE AMBAPO HAKUNA KANUNI, SURA YA MTU HUWA KANUNI

Miaka mingi iliyopita, kabla sijahamia huku, nilikuwa mshirika wa kawaida katika kanisa moja ambalo sitalitaja. Katika mwezi mmoja tulipata misiba miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mfanyabiashara aliyejulikana sana. Kanisa lilikodi basi mbili, kwaya ikashona sare, na bahasha nzito ikapelekwa kwa jamaa. Majuma mawili baadaye akafa mama mmoja mjane aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi na kupanga viti. Safari hiyo pesa zilikuwa zimeisha. Watu walisema pia kwamba mama huyo alikuwa amechelewa michango yake, ingawa hakuna aliyeweza kuonyesha kitabu. Majirani zake walichangishana wakakodi matatu moja, na kanisa likatuma wawakilishi wanne.

Wale viongozi hawakuwa watu wabaya. Niliwajua, walikuwa wakifunga na kuomba. Lakini hawakuwa na kanuni, na mahali ambapo hakuna kanuni, sura ya mtu huwa kanuni. Mtoto wa kiume wa yule mama alihesabu basi, akahesabu ile matatu moja. Hakurudi kanisani tena, na mpaka nilipohama, hakuna aliyejua la kumwambia.

Ndiyo maana nasema sera ni kazi ya kiroho. Sera ni namna kanisa linavyomkumbuka mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Ukitaka kujua kama rasimu tutakayosomewa ni nzuri, usiulize itamfanyia nini mwenyekiti wa kamati. Huyo atasaidiwa hata bila sera, kwa maana simu yake ina majina mengi. Uliza itamfanyia nini yule mama anayepanga viti.

VIGEZO SI UKATILI

Sasa tuingie mahali pagumu. Mfuko ukimpa kila mtu kila kitu, utakauka kabla ya Krismasi. Lazima tuseme nani anasaidiwa, kwa jambo gani, na kwa kiasi gani. Wengine wanaona kuweka vigezo ni kukosa huruma. Basi soma 1 Timotheo 5.

Paulo anamwandikia Timotheo jinsi ya kuandikisha wajane, na anaweka vigezo waziwazi. Mjane mwenye watoto au wajukuu, hao ndio waanze kumtunza. Anayeandikwa kwenye orodha awe amefika miaka 60. Awe anajulikana kwa maisha ya uaminifu na matendo mema. Kisha katika mstari wa 16 Paulo anatoa sababu: jamaa wenye uwezo wabebe watu wao, kanisa lisilemewe, lipate nafasi ya kuwasaidia wajane wasio na mtu kabisa. Kwa hiyo kigezo kimewekwa ili kumlinda asiye na mtu. Bila kigezo, wenye watu wao wangelimaliza lile ghala, na asiye na mtu angekuta mlango umefungwa.

Ona pia kwamba kila kigezo cha Paulo kina sababu iliyoelezwa. Hilo ni somo kwetu. Kila kipengele kwenye rasimu kiandikwe pamoja na sababu yake. Kanuni isiyo na sababu, kizazi kinachofuata kitaibeba kama mzigo au kitaitupa.

WATU MIA MBILI WA BESORI

Kipengele ambacho kitaleta moto ni cha wanaochelewa kuchanga. Rasimu inasema mshirika asiyechanga miezi sita mfululizo jina lake linaondolewa kwenye orodha. Najua baadhi yenu mnasema, "Ni haki. Mimi nachanga kila mwezi, yeye hachangi, halafu akifiwa tugawane sawa?" Swali hilo liliwahi kuulizwa mbele ya Daudi.

Katika 1 Samweli 30, Waamaleki wameuchoma mji wa Siklagi na kuchukua wake na watoto. Daudi anafuatia na watu 600. Wakifika kijito cha Besori, 200 wanashindwa kuvuka kwa uchovu, wanabaki na mizigo. Wale 400 wanaendelea, wanapigana, wanarudisha kila kitu pamoja na nyara nyingi. Wakati wa kurudi, baadhi ya waliokwenda vitani wanasema waliobaki wapewe wake na watoto wao tu, halafu waondoke.

Daudi anakataa. Anawakumbusha kwamba ushindi ni zawadi ya Bwana, kwa hiyo hakuna wa kujivunia. Kisha anaamua kwamba aliyekwenda vitani na aliyelinda mizigo watapata fungu sawa. Mstari wa 25 unasema uamuzi huo ukawa sheria katika Israeli tangu siku hiyo. Uamuzi wa jioni moja kando ya kijito, baada ya mabishano makali, ukawa sera ya taifa.

Lakini soma kwa makini. Wale 200 hawakuwa wavivu. Walitoka na wenzao, wakatembea mpaka nguvu zikaisha, na Biblia inasema wazi walibaki kwa uchovu. Kuna mtu asiyechanga kwa sababu amepuuza, na kuna mtu asiyechanga kwa sababu amefika Besori. Mama aliyefutwa kazi ya nyumbani, kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake imezuiliwa kituoni, mzee aliyemaliza akiba akilipia dawa za sukari: kitabu cha michango kitawaonyesha sawa na mpuuzaji. Kitabu kinaona miezi sita tupu. Hakioni kijito.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili, na nitayasema kwenye kikao bila kuficha. La kwanza: jina la mshirika lisiondolewe kwenye orodha kabla shemasi wa eneo lake hajaenda nyumbani kwake, akaketi, akasikia, na kuandika alichokikuta. La pili: sehemu ya mfuko itengwe iwe fungu la rehema, kwa ajili ya wale ambao hawawezi kuchanga kabisa. Kiasi chake mkutano ndio utakaoamua. Aliyepuuza atakumbushwa na kupewa muda. Aliyechoka atabebwa. Kanisa ambalo haliwezi kutofautisha hao wawili halijafika bado mahali pa kufuta majina.

PESA ZA BWANA ZIPIMWE MARA MBILI

Kuhusu ulinzi wa pesa sitakaa sana, kwa sababu Biblia haiachi nafasi ya mabishano. Ezra alipopeleka fedha na dhahabu kutoka Babeli mpaka Yerusalemu, alikuwa na watu aliowaamini. Hata hivyo aliwapimia walipotoka, ikapimwa tena walipofika, na uzito wote ukaandikwa (Ezra 8:24–34). Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Tito alienda pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na Paulo anaeleza kwamba alitaka mambo yawe safi mbele za Mungu na pia mbele za watu (2 Wakorintho 8:18–21). Kama Paulo alikubali kusindikizwa, mweka hazina wetu asione ametukanwa akiambiwa wahesabu watu wawili.

Kwa lugha ya leo: mchango uingie kwenye nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, usiingie kwenye simu ya mtu binafsi. Kila pesa iwe na risiti. Watia sahihi wasitoke nyumba moja. Hesabu zisomwe kwa washirika kila robo ya mwaka, na mtu asiye wa kamati azikague.

Tukumbuke pia kwamba tuko Kenya, na kuna sheria. Kanisa lililosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, linatakiwa kuwa na katiba, kufanya mkutano mkuu kila mwaka na kupeleka taarifa kwa Msajili wa Vyama. Sera yetu lazima ikubaliane na katiba yetu. Ikipingana nayo, ni maneno matupu. Kisha Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Habari za ugonjwa wa mtu ni zake. Tusitangaze madhabahuni au kwenye kundi la WhatsApp kwamba dada fulani ana ugonjwa fulani na amepewa shilingi kadhaa, isipokuwa amekubali mwenyewe. Kuna watu watakaokufa nyumbani kimya kuliko kuja kuomba msaada utakaotangazwa kwa kipaza sauti. Sera isipowalinda hao, tumewafungia mlango tukidhani tumeuacha wazi.

MKAKATI: TEMBEA UKUTANI KWANZA

Nehemia ndiye mwalimu wetu wa mikakati. Alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba. Alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani, yapata miezi minne baadaye. Alipopata nafasi hiyo alijua anachotaka: muda wa safari, barua kwa maliwali, na mbao kwa ajili ya malango (Nehemia 2:6–8). Hiyo miezi ya maombi ilikuwa pia miezi ya kufikiri.

Alipofika hakutangaza lolote. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka akiangalia ukuta ulivyobomoka, mpaka mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Ndipo akawaita watu. Katika sura ya 3 kazi inagawanywa kipande kwa kipande, na wengi wanajenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Hakuna anayeweza kupuuza tundu linalotazama mlango wake! Ukuta ukamalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15).

Sisi pia tutembee ukutani kabla ya kupanga. Katika mwaka uliopita tulikuwa na misiba mingapi? Wangapi walilazwa? Tulitoa kiasi gani, na kwa nani? Ni ushirika upi wa nyumbani ambao haujawahi kupata hata shilingi, na kwa nini? Kamati ilete majibu ya maswali hayo kutoka kwenye vitabu, hata kama yanatia aibu. Baada ya hapo kila hatua iandikwe na mambo matatu: kitu chenyewe, jina la mhusika, na tarehe. Hatua isiyo na jina la mtu haina mwenyewe, na isiyo na tarehe itangoja mpaka Yesu arudi.

AHADI ILIYOTIWA MUHURI IKASAHAULIWA

Wengi tukimaliza ukuta tunafunga kitabu cha Nehemia. Endelea mpaka sura ya 10. Hapo watu wanaandika maagano yao, viongozi wanatia muhuri, na kila mtu anaahidi theluthi ya shekeli kwa mwaka kwa kazi ya nyumba ya Mungu, pamoja na zaka kwa Walawi. Sura inamalizika kwa ahadi kwamba hawataipuuza nyumba ya Mungu wao.

Kisha Nehemia akarudi kwa mfalme. Sura ya 13, anakuja tena Yerusalemu na kukuta nini? Chumba kikubwa cha kuwekea sadaka na zaka amepewa Tobia, yule yule aliyepinga ujenzi. Walawi hawakupewa posho zao, wamekimbilia mashambani kulima. Nehemia anawauliza viongozi kwa nini nyumba ya Mungu imepuuzwa. Ni jambo lile lile walilolitia muhuri!

Sera haikuwa mbaya. Ilikosa mtu wa kuikagua. Dawa ya Nehemia ilikuwa ni kuweka watunza hazina wanne wanaohesabiwa kuwa waaminifu: kuhani, mwandishi, Mlawi, na msaidizi wao (Nehemia 13:13). Kwa hiyo rasimu yetu iwe na kipengele kinachosema ni lini itaangaliwa tena, na ni nani ataita kikao hicho.

Na kuangalia tena hakumaanishi kwamba tulikosa kusikia sauti ya Mungu mara ya kwanza. Katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walikuja mbele ya Musa kuuliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu hakuacha mtoto wa kiume. Musa hakuwa na jibu. Akalipeleka swali kwa Bwana. Bwana akasema mabinti hao wana haki, na sheria ya urithi ikatolewa kwa taifa zima. Lakini katika Hesabu 36 wakuu wa ukoo wakaja na swali lingine: je, mabinti hao wakiolewa katika kabila jingine, ardhi itahama? Ikatolewa nyongeza, waolewe ndani ya kabila la baba yao. Sheria iliyotoka kwa Mungu mwenyewe ilipata nyongeza pale maisha yalipoleta swali jipya. Basi sisi tusiogope kusema, "Kipengele hiki tulikiandika vizuri, lakini sasa kinamuumiza mtu. Tukirekebishe."

TUNAPOELEKEA KWENYE KIKAO

Wapendwa, naomba mje. Msiwaachie wazee na wenye kalamu peke yao. Mitume waliita ushirika wote, na Matendo 6:5 inasema neno lile lilikubaliwa na watu wote. Kama unaona kipengele hakifai, sema ukiwa ndani, usingoje kusema kwenye matatu ukienda nyumbani. Kama hujui kusoma vizuri, mwambie kijana wa jirani akusomee rasimu mapema. Na kama unamjua mshirika ambaye hatafika, yule aliye kitandani, yule anayefanya kazi ya ulinzi hata Jumapili, mpitie umuulize maoni yake. Njoo na neno lake. Sera hii ni yake kuliko ilivyo yako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Matendo 6, ni nini kingelipata kanisa kama mitume wangepuuza manung'uniko ya wajane? Je, kuna manung'uniko kati yetu ambayo tumeyaita uasi bila kuyasikiliza?

2. Soma 1 Timotheo 5:3–16. Taja vigezo vya Paulo na sababu zake. Ni kipi kinaweza kutufaa leo, na ni kipi kinahitaji hekima zaidi katika mazingira yetu?

3. Tunawezaje kumtambua aliyepuuza na aliyechoka, bila kumvunjia heshima hata mmoja wao?

4. Andikeni majina ya washirika wa eneo lenu ambao hawajaonekana kwa miezi mitatu. Nani atawatembelea juma hili?

TUOMBE

Baba yetu, wewe ni Baba wa yatima na mtetezi wa wajane. Tunakushukuru kwa sababu hakuna jina unalolisahau. Utupe hekima ya Nehemia, uaminifu wa wale saba, na moyo wa Daudi kando ya kijito. Tutakapoketi kuandika, Roho wako aketi nasi. Utuonyeshe nyuso za watu ambao hatujawahona kwa muda mrefu, na utupe miguu ya kwenda kwao kabla hatujashika kalamu ya kufuta. Katika jina la Yesu Kristo, amina.